Shampuu ya nazi ilivyomkula msusi wetu mikono

Hii stori ni ya sinki moja hapa Free Area, Nakuru, salon ndogo ya viti vinne, na mikono ya dada mmoja ambaye kazi yake kubwa ni kuosha nywele. Jina sitaji, mwenyewe amesema andika lakini mimi niache nje. Naiandika juu tulipoteza karibu miezi mitano tukilaumu vitu ambavyo havikuwa na makosa, na kumbe mwenye makosa alikuwa amekaa kwa mtungi wenye picha ya nazi mbele, mtungi ambao mimi mwenyewe ndio nilinunua, tena nilinunua kwa kumhurumia yeye.

Nianze na vile mambo yalikuwa kabla ya huo mtungi. Tulikuwa tunatumia shampuu ya lita ishirini ya kutengenezwa hapa mtaani, na yeyote amewahi kufunzwa kupika sabuni ya maji anajua kilichomo hata bila kuambiwa: Ungerol (salfeti ya kutoa povu), CDE kidogo (ya kuongezea povu), chumvi ya kufanya iwe nzito, rangi, pafyumu na dawa ya kuzuia isioze. Inasafisha kweli, povu mpaka kwa masikio ya kastoma. Sasa huyu dada Ijumaa na Jumamosi anaweza kuosha vichwa ishirini na tano, na si vya kuosha tu, kuna wenye wametoka kuwekwa dawa, na ile dawa ya kulainisha nywele pH yake (kipimo cha asidi na magadi, 7 ndio katikati) iko juu kabisa, 12 na zaidi, na yeye ndiye anaitoa na vidole vyake. Glovsi anavaa akikumbuka.

Mikono yake ilikuwa imekauka kama shamba la Januari. Viungo vya vidole vimepasuka, akikamua ndimu nyumbani anaruka. Lakini shikeni hii maneno vizuri juu ndio ufunguo wa kisa chote: ilikuwa inauma, haikuwa inawasha. Na ilikuwa mikono tu. Na si yeye peke yake, yeyote mwenye alisimama kwa hiyo sinki siku nzima jioni alikuwa anatafuta mafuta ya kujipaka, hata mimi.

Ndio nikaenda duka la vipodozi huko tao nikaambiwa kuna shampuu haina salfeti, imetoka kwa nazi, laini hata kwa mtoto. Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile yetu nikameza mate nikalipa. Wiki ya kwanza nilijiona mtu wa maana sana. Mikono yangu ikarudi, ya wale wasusi wengine wawili ikarudi, na yake pia ikaanza kuziba nyufa.

Wiki tatu hivi zikapita. Siku moja akaniita kwa mlango kwenye mwanga. "Madam, hebu angalia hapa." Katikati ya vidole kulikuwa na vipele vidogo vya maji, vimejipanga kama simsim iliyomwagika, na ngozi ya pembeni imekuwa nyekundu inang'aa. Alikuwa anajikuna akiongea bila kujua anajikuna. Baada ya hapo ikapanda. Mtu akiinua kichwa cha kastoma kwa sinki maji hayabaki mkononi, yanateremka kwa ndani ya mkono mpaka kwa kiko, na upele ulifuata hiyo njia kabisa, ungedhani mtu ameuchora na kalamu. Halafu asubuhi moja akaja kazini kope za macho zimefura.

Hapo sasa kila mtu akawa daktari. Wa kwanza kushukiwa ilikuwa dawa ya nywele, ati imemuingia. Lakini dawa ilikuwa ni ile ile ya miaka yote. Wa pili, rangi nyeusi ya nywele, na kusema ukweli hiyo ilikuwa akili, juu rangi nyeusi ina kitu kinaitwa PPD chenye sifa mbaya kwa wasusi duniani kote, lakini huyu dada hapaki rangi, rangi tunamwachia mwenzake, na mwenzake yuko salama. Wa tatu, glovsi za mpira. Akaacha glovsi, hali ikazidi. Wa nne, maji ya borehole, kisima cha kuchimbwa. Maji ya huku kwetu yanajulikana kwa floraidi, meno ya kahawia ya watu wa Nakuru hayahitaji kuelezewa, lakini hiyo ni mambo ya meno, na hayo maji ndiyo anaosha nayo tangu azaliwe. Mama mkwe wake naye alikuwa na maelezo yake ya mambo ya jirani, hayo tuyaruke.

Pale kemisti akauziwa ile krimu ya tatu kwa moja, yenye steroidi, ya fangasi na ya bakteria. Siku nne upele ukalala. Tukashukuru. Krimu ikaisha, upele ukaamka na nguvu mpya. Hii krimu ndio ilitupoteza kabisa, juu tukasema basi ni fangasi, si umeona imesikia dawa? Kumbe steroidi inanyamazisha mzio wowote ule, haijalishi umeletwa na nini. Kupona na krimu hakukutuambia kitu.

Mwezi wa tano ndio tukampeleka kwa daktari wa ngozi. Nilienda naye. Daktari alikuwa mama mtu mzima, mpole, hakushika hata kalamu kwanza. Alimuuliza, "Mwanangu, hii mikono inauma ama inawasha?" Akasema inawasha, usiku halali. "Na kabla, wakati ule imekauka?" Ilikuwa inauma. Daktari akaniangalia mimi kama mwalimu mwenye amepata jibu alilotaka. Halafu akauliza swali lenye sisi wote hatukuwa tumeuliza: "Uso unaosha na nini?"

Kumbe mwezi ule ule nilibadilisha shampuu, yeye naye alikuwa amejinunulia sabuni mpya ya maji ya uso. Akatuambia twende, turudi na kila kitu chenye povu kinachomgusa, cha kazini na cha nyumbani. Tulirudi na kikapu kizima.

Sasa hapa lazima nieleze venye nilikuja kuelewa, na nitachukua muda juu ndio mahali watu wengi tunadanganyika.

Kuna mikono kuunguzwa na kuna mikono kukataa. Kuunguzwa hakuchagui mtu: sabuni kali inatoa mafuta ya ngozi, inalegeza protini ya juu, na ukizidisha, ngozi yako itapasuka uwe nani. Inauma, inakaa pale pale ilipogusa. Ndio ilikuwa shampuu yetu ya kwanza. Kukataa ni kitu tofauti, ni mzio, mwili wa mtu mmoja umemwekea kinyongo kitu kimoja. Mara ya kwanza mwili haujui, unakutana nacho, unakisoma, wiki zinapita kimya, ndio maana alipata zile wiki tatu za amani. Ukishakijua hausahau. Kila kikirudi, baada ya siku moja mbili upele unatoka, unawasha, unatambaa hata nje ya mahali kimegusa. Na kope za macho ni ngozi nyembamba sana, zinaonyesha mapema.

Na daktari alisema kitu kilichonikata maini kidogo: zile nyufa za kwanza ndizo zilifungua njia. Ngozi nzima ni ua wa boma. Ungerol na dawa ya nywele zilikuwa zimebomoa ua, sasa mgeni mpole akaingia mpaka ndani bila kubisha hodi.

Mgeni mpole ni nani basi? Tukaanza kusoma lebo. Mtungi wangu wa lita tano ulikuwa na picha ya nazi na maneno matamu tu, orodha ya viungo haikuwepo, ikabidi nirudi dukani nipige picha chupa ndogo ya shampuu hiyo hiyo. Orodha ya vipodozi hupangwa kuanzia kilicho kingi kushuka chini, vile vya chini ya asilimia 1 ndio vinaweza kupangwa vyovyote huko mwishoni. Ya shampuu ilianza na maji, halafu kokamidopropil betaini (kwa lebo ni cocamidopropyl betaine, kiungo cha povu), halafu desil glukosaidi, glisirini, chumvi, pafyumu, sodiamu benzoeti. Ile ya uso ni ya kampuni nyingine, pafyumu nyingine, kihifadhi kingine, lakini namba tatu kutoka juu: kokamidopropil betaini. Ukitoa maji na glisirini, hizo chupa mbili zilikuwa zinakutana mahali pamoja tu.

"Lakini daktari, si hiyo ni ya nazi?" Nilimuuliza hivyo kabisa, na uchungu, juu nililipa pesa ya nazi.

Sisi huku nazi tunaiona ikiletwa kutoka Kilifi na Kwale, imekaushwa ama iko kwa pakiti, so neno nazi linatuingia kama dawa. Lakini nazi yenyewe haina povu. Paka mafuta ya nazi na uoshe na maji matupu, utabaki na mkono wenye mafuta. Povu linatoka kwa kile kiwanda kimeifanyia. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, mnyororo wa kaboni 12, na huo urefu watu wa sabuni wanaupenda sana kwa povu na kwa kukamata uchafu. Sasa chukua hiyo mafuta uipike na kostiki soda, unapata sabuni ya kawaida, pH 9 ama 10 wakati ngozi inataka kama 5, na sabuni ya nazi tupu inakausha mtu vibaya, wanaoitengeneza wanajua lazima uache mafuta mengine bila kupikwa. Igeuze kwanza iwe alkoholi, uipitishe kwa salfa, unapata sodiamu lauril salfeti. Ndio hiyo yenyewe! Ile kila mtu anaikimbia, nayo ni mtoto wa nazi ama wa kokwa za mawese. Ungerol ni ndugu yake mpole kidogo. CDE nayo ni mafuta ya nazi na diethanolamini, na California waliitia kwa orodha yao ya vitu vya saratani mwaka 2012.

So ule mtungi wa kwanza wa kutukausha mikono ulikuwa umejaa nazi kuliko samaki wa kupaka. Mimi nilitoka kwa nazi nikaenda kwa nazi na nikalipa tofauti.

Hiyo haimaanishi hizo laini ni uongo. Desil glukosaidi na kokoglukosaidi ni alkoholi za mafuta kama hayo zimeunganishwa na sukari, mara nyingi ya mahindi, hazina chaji ya umeme na hazigandi kwa protini ya ngozi kama salfeti, so ziko pole kweli. Kuna sodiamu kokoil aisethioneti, huo ni unga ama chembe nyeupe, molekuli zake zinakusanyika kwa vifurushi vikubwa visivyopenya ngozi kirahisi, na ndicho kiungo Dove ilianza nacho Marekani mwaka 1957, ndio maana haijawahi kuwa sabuni ile ya kostiki. Na betaini yenyewe ni mpole. Ina chaji mbili kwa molekuli moja, jumlisha na toa, na ukiichanganya na salfeti inapunguza ukali wa salfeti, inaongeza povu, na ukiweka chumvi shampuu inakuwa nzito. Mikono yangu mimi iliponea kwa hiyo betaini, siwezi kuitukana.

Shida iko jikoni kwake. Betaini inapikwa kwa hatua mbili. Kwanza asidi za mafuta ya nazi zinaunganishwa na kitu kinaitwa kwa kifupi DMAPA, zinatoa amidoamini. Halafu amidoamini inaunganishwa na chumvi ya asidi ya kloroasetiki, ndio inakuwa betaini. Kama upishi haukuisha vizuri, ndani kunabaki masalio ya DMAPA na amidoamini, na wataalamu wengi wanasema hayo masalio ndiyo mwili unayakataa zaidi ya betaini yenyewe. Kiwanda makini kinayasafisha, kiwanda cha haraka kinaacha. Kwa lebo zote mbili zinaandikwa sawa. Chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani waliitangaza betaini hii kuwa kileta mzio cha mwaka 2004, na msije mkadhani glukosaidi zimepona, nazo zilipewa hicho kiti 2017.

Kuthibitisha, kuna kipimo cha viraka: unabandikwa mgongoni vitu vingi vidogo vidogo, vinatolewa baada ya saa 48, unarudi kusomwa tena siku mbili baadaye. Kwa huyu dada hiyo ilikuwa kwenda Nairobi mara tatu kwa wiki moja, mgongo usiguse maji, na kila siku bila kazi ni siku bila pesa. Hakuenda, na sikumlaumu.

Daktari akatupa njia ya kimaskini. Kijiko kimoja cha chai cha shampuu kwa glasi ya maji. Hapo alisisitiza sana, juu shampuu isiyochanganywa na maji ikiachwa kwa ngozi bila kuoshwa itaunguza mtu yeyote na utadhani ni mzio. Tukachora duara na biro kwa ndani ya kiko, tukizungusha sarafu ya ishirini bob. Mkono wa kushoto shampuu ya nazi, wa kulia ile ya zamani ya mtaani. Asubuhi na jioni tone linapakwa ndani ya duara, linakauka lenyewe, kwa wiki moja. Nikasema siwezi kumwacha peke yake kama panya wa maabara, nikajichora na mimi, na msusi mwingine pia akajichora, kastoma wakawa wanatuuliza tumejiunga na kanisa gani.

Siku ya nne asubuhi alifungua mkono wake wa kushoto pale kwa kioo. Ndani ya duara kulikuwa kumefura kidogo, mwekundu, vile vipele vya simsim vimejaa mpaka kwa mstari wa biro na viwili vimeruka nje. Mkono wa kulia hakuna kitu. Mimi mikono yote miwili hakuna kitu, mwenzetu pia hakuna kitu. Tukaacha hapo hapo.

Hiyo ilituambia ni shampuu, haikutuambia ni kiungo gani. Hiyo tuliipata kwa kubadilisha. Nikatafuta shampuu nyingine yenye desil glukosaidi na aisethioneti lakini haina chochote chenye betaini, na sabuni ya uso akaitupa. Wiki mbili mikono ikatulia bila krimu. Desil glukosaidi ilikuwa kwa ile mbaya na iko kwa hii nzuri, so hiyo ikaachiliwa huru. Pafyumu bado nilikuwa naishuku kidogo, lakini ya uso na ya kichwa hazikuwa zinanukia sawa hata kidogo.

Halafu ikarudi. Tena kila Jumatatu, siku yenye ametoka off. Nilikasirika kweli, nikamuuliza, "Dada, unajipaka nini huko kwako?" Hajipaki kitu. Anaosha vyombo tu.

Sabuni yake ya vyombo ilikuwa ya yule yule fundi wetu wa mtaani, kwa chupa ya soda ya lita mbili, bila lebo. Nikamfuata kwake. Akanionyesha mitungi yake bila kuficha, na kwa kona kulikuwa na mmoja mpya, maji ya manjano kama strungi nyepesi. "Hii ni koko betaini, nimeanza kuiweka kwa sabuni ya vyombo tu, inafanya iwe nzito na isichome akina mama mikono." Nikamuuliza imetoka kiwanda gani, iko na karatasi? Akacheka. "Madam, hii ni ya nazi, haiwezi dhuru mtu."

Sikubishana na yeye, mimi pia mwezi wa pili ningesema hivyo hivyo.

Sai huyu dada anaosha vyombo na sabuni ya mche, anasuuza haraka anajipaka mafuta ya jeli, na amejifunza kusimama kwa rafu ya supamaketi na kidole kwa lebo akitafuta neno lolote linaloanza na c-o-c-a, watu nyuma yake wakisonya. Kazini anavaa glovsi za naitrili zenye hazijatoboka, juu glovsi yenye shimo ni mbaya kuliko kukosa glovsi, shampuu inaingia inafungiwa ndani na jasho. Kastoma wameninung'unikia kwamba shampuu mpya haina povu, mmoja aliniuliza kama tumeanza kuongeza maji. Na juu ni ghali, tumekuwa na chupa mbili kwa sinki: ya wengine, yenye betaini, na yake, ambayo nimeifunga na tepu nyekundu.

Mwezi uliopita, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, salon ilikuwa imejaa mpaka watu wanakaa kwa ngazi. Hakuna mtu aliona chochote kibaya, tukafunga saa tatu usiku tukaenda. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi simu yangu ikalia, picha ya kifundo cha mkono chenye simsim mpya, na chini yake ameandika: "Madam, nani alijaza chupa yangu?"